Jezi ya Punda Milia Niliyoivaa Ukweni

Nisipowasimulia mimi mtasimuliwa na baba mdogo Chacha, na yule akishika kisa cha mtu anakitia chumvi kilo nzima, kwa hiyo bora mnisikilize mwenyewe: ndiyo, ni kweli, nilibaki kifua wazi mbele ya mama mkwe, mchana kweupe, kule Nyansurura, tena siku ya kwenda kujitambulisha.

Chanzo ni ugonjwa wangu. Mnanijua, fundi simu wa Tarime mjini, mtu wa heshima kiasi, ila siku marobota ya mitumba yakifunguliwa sokoni naacha simu za watu mezani nakimbilia kupekua jezi na kofia za besiboli, na sio zile za timu kubwa ambazo kila bodaboda wa Nyamongo anazo (hizo ni za watu wasiojua, ndivyo nilivyokuwa nasema, Mungu anisamehe), mimi nataka za vitimu vidogo vya huko Marekani, vya miji ambayo hata Wamarekani wenyewe hawaijui, visivyo na klabu kubwa ya kuvilea, vinavyocheza misimu miwili halafu vinakufa. Mchezo wenyewe sijawahi kuuona ukichezwa. Lakini nipe lebo ya shingoni nitakwambia jezi ilishonwa lini, na sanduku langu la chini ya kitanda lilikuwa na kufuli kubwa kuliko la ofisini.

Sasa siku hiyo nilitakiwa kuvaa shati jeupe. Bhoke, mchumba wangu, alinikumbusha mara tatu. Mimi nikajishauri kwamba siku kubwa inataka nguo kubwa, nikavaa jezi yangu bora kuliko zote, ya timu iliyokufa zamani, na nina hakika Afrika nzima nilikuwa nayo peke yangu, nikaifunika kwa koti na kufunga vifungo vyote. Nani ataona?

Tukafika, shikamoo zikaitikiwa, tukakaa uani, baba mdogo akaanza maneno yake matamu ya "tumesikia hapa kuna mtamba mzuri", mtamba akiwa ni Bhoke, jua linanichoma, jasho linatiririka mpaka kwenye viatu, na baba mkwe, mzee mpole kabisa, akanionea huruma.

"Kijana, vua koti. Hapa ni kwenu."

Nikavua. Wazee wote wakanikodolea macho.

Kifuani kwangu alikuwepo punda milia, kasimama kwa miguu miwili, kavaa kaptula, meno nje, ulimi pembeni kama mlevi, kashika rungu la kuchezea. Na ukoo wa akina Bhoke mwiko wao ni punda milia: hawamuui, hawamli, hawamfanyii mzaha, wanamwita ndugu. Nilijua! Bhoke alishaniambia zamani. Ila naapa, miaka yote niliyokaa na jezi ile nilikuwa naangalia mshono, naangalia lebo, naangalia vifungo. Punda mwenyewe sikuwahi kumwona.

Baba mkwe akauliza taratibu, "Huyo ndugu yetu amewakosea nini mpaka mkamvika kaptula?"

Mwenye akili angevaa koti akaomba radhi. Mimi nikaanza kufundisha. "Mzee, huyu hapigwi, yeye ndiye anayepiga!" nikainuka, nikachukua fimbo ya mzee mmoja iliyoegemea kiti (fimbo ya mzee, bila ruhusa, jamani!), nikaonyesha anavyopiga mpira. Baba mdogo akaninong'oneza kwa ukali, "Mwita, vua hilo dubwana!" Alimaanisha nikavulie nyuma ya nyumba, lakini nilishachanganyikiwa, nikaanza kuvua palepale, na ilivyo ya kizamani, yenye vifungo viwili tu shingoni, ikakwama kichwani. Sioni kitu, tumbo nje, mikono juu, narudi kinyumenyume natafuta pa kutokea, nikamkumba mtu, sufuria ikaanguka, mchuzi wa moto ukanimwagikia miguuni, na sauti ya mwanamke ikapiga kelele, "Mama wee!"

Alikuwa mama mkwe. Na sisi Wakurya mama mkwe hata mkono humpi, ukimwona njiani unampisha mbali. Mimi nilimkumba kwa mgongo mtupu.

Wakanipa shuka, wakajadiliana. Nilete kondoo wa kuondoa aibu, hilo nililitegemea. Kisha baba mkwe akaishika ile jezi. "Na ndugu yetu anabaki hapa. Unamwacha, au unaondoka naye na mazungumzo yamekwisha?"

Swali la darasa la kwanza. Mimi nikaitazama jezi. Nikafikiri. Wazee wananisubiri, Bhoke kasimama mlangoni mwa jiko ananisubiri, na mdomo wangu huu ukafunguka: "Inabaki, mzee. Ila mtaifua kwa maji ya baridi?"

Baba mdogo akajifunika uso kwa kofia yake. Wazee walicheka mpaka hasira ikawaisha. Bhoke hakucheka, aliingia ndani.

Kondoo nimepeleka, nimesamehewa. Sanduku nimelifungua, vijana wa machimbo Nyamongo wanavaa zile jezi wakichimbia, na kila nikiona moja ina tope roho inaniuma, sitawaficha. Nilimpigia Bhoke kumwambia nimezigawa zote.

"Baba amekusamehe habari ya punda," akasema. "Mimi nilikuwa nakuangalia ulivyokuwa unafikiri." Akakata simu.

Basi nimeapa: siku nikiulizwa tena nichague kati yake na kitu chochote, nitajibu kabla swali halijaisha. Shida ni kwamba hakuna anayeniuliza.