Mtaalamu wa Ngano na Mstari wa Tisa

Miaka sita nimelibeba hili. Mtaalamu wa ngano alinitangaza mbele ya vibarua wenzangu kuwa nimeng'oa miche yake, ile aliyoizalisha kwa kuchanganya ngano na nyasi ya porini ili isishikwe na ugonjwa wa kutu, eti nilidhani ni magugu. Mimi! Mtu mwenyewe hulamba penseli mpaka ulimi mweusi. Miche huishika kama mtoto mchanga, ila sisi kutusalimu hataki. Mwezi huu kakata majani ya kila mstari, kayatia kwenye vichupa, kayapima ajue asili yake. Uzao wa ile nyasi ukaonekana mstari wa tisa, ambao mbegu zake hurudiwa kila msimu; ile miche aliipanda huko kwa mkono wake akasahau kuandika, wala sikung'oa kitu. Akaja shambani, kofia mkononi.

“Mama, nisamehe. Kosa langu.”

“Paza sauti, baba. Siku ile walisikia hata wale wa mwisho wa shamba.”

Akapaza.