Sahani za Inchi Kumi na Moja

Wendell Pruski wa Toledo alikuwa fundi hodari, ila kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko ekseli. Mpaka nywele zikamwisha bado alishikilia kwamba dramu ya breki ni dramu: ya gari hili itaingia kwenye lile, mradi matundu ya nati yalingane. Kaka yake Leonard alimcheka kwa hilo tangu ujana wao, walipochanga kununua ile Dodge nyekundu ya mwaka sitini na tisa.

Sasa Leonard alikuwa hoi kitandani, saratani imemla mapafu, na madaktari hawataji tena dawa. Alitaka jambo moja tu: apakiwe kwenye Dodge, azungushwe kando ya mto mara ya mwisho.

"Fanya hima, dogo," alisema. "Mimi si wa kungojangoja."

Injini ilikuwa nzima. Dramu za mbele, za inchi kumi, ndizo zilizopasuka, na nyingine za kumi hazikupatikana. Uwanjani kwa Marlene, muuza vyuma chakavu, kulikuwa na gari la ukoo uleule lenye dramu za inchi kumi na moja. Wendell akazifungua pamoja na viatu vyake vya breki, vile vipande vinavyotanuka kuibana dramu kwa ndani.

"Chukua na sahani zake, mzee," Marlene akamwambia, akionyesha mabamba ya nyuma yanayobeba viatu. "Bila hizo umebeba masufuria."

"Nimeanza kufunga breki wewe hujazaliwa, mama!"

Boliti za sahani zilikuwa zimeshikwa na kutu, naye alikuwa na haraka; akaziacha. Haraka haina baraka, na ubishi ndio kabisa.

Gerejini, viatu vipya vilikataa kukaa kwenye sahani za zamani, na vya zamani havikufika kugusa dramu. Akarudi mbio kwa Marlene. Mashine ya kushindilia ilikwishapita. Lile gari lilikuwa tofali la chuma. Wendell alilia palepale, bila aibu.

Jioni akawasha Dodge gerejini, mlango wazi, akampigia Leonard na kuielekeza simu kwenye boneti.

"Naisikia," Leonard akasema. "Mbona haisogei?"

"Breki, kaka."

"Umeacha sahani, siyo?"

"Nimeziacha."

Leonard akacheka, kikohozi kikamkata. "Dramu ni dramu," akasema alipopata pumzi. "Basi usiizime."

Wendell hakuizima. Baadaye ikaja sauti ya muuguzi kwenye simu, ikamwambia taratibu kwamba sasa anaweza kuizima.