Mbio Zisizo na Vita

Dada mmoja wa kwaya aliniuliza juzi ni somo gani Mungu alinipa katika ile safari yangu ya kukimbia. Hakuwa na ubaya. Kanisani kwetu mimi najulikana kama mama wa masomo: nikimenya muhogo napata somo, nikikosa chumvi napata somo, hata paka akinikatiza njia nitamtafutia andiko. Naandika haya nikitumaini jibu litanijia njiani. Lisiponijia, basi, nimechoka kujifanya najua.

Mambo yalianzia kituo cha afya hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Muuguzi alinifunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akakijaza upepo, akakunja uso, akakijaza tena. Tansio, yaani presha ya damu, ilikuwa imepanda vibaya.

"Mama, dawa yenyewe haitatosha," akasema. "Upunguze chumvi, na ufanye spoti."

"Spoti gani, dokta? Mi nalima, nachota maji, nafundisha siku muzima nikiwa nasimama."

"Ile ni kazi. Spoti ni ingine."

Tofauti yake sikuielewa, na mpaka leo sijaielewa vizuri. Lakini niliogopa. Nyumbani tuko wawili tu, mimi na mama yangu mzazi. Ndugu zangu walibaki ng'ambo ya ziwa, Tanzania, tangu tulipokimbilia huko wakati wa vita, na mama magoti yake yamekwisha. Hata chooni huenda amenishika bega. Damu ikinipasukia kichwani, nani atamgeuza kitandani? Nani atampikia bukari, ugali wetu? Nikianguka mimi tumeanguka wawili. Nilikubali hiyo spoti kwa ajili yake, na hilo nilimwambia Mungu waziwazi.

Kwa kuwa siwezi kuanza jambo bila kulitafutia andiko, nilikumbuka jinsi mtume anavyowafananisha waamini na wanaoshindana mbio, na anavyouita mwili hekalu. Nikafurahi kama mtu aliyeokota kitu. Alhamisi, kwenye kikundi cha akina mama, nilifundisha kwa sauti kubwa kwamba hekalu tumeliacha limeota majani. Mama mmoja mwenye mwili wake akauliza kama si hekalu kubwa ndilo linaloingiza waumini wengi. Tulicheka mpaka sala ya kufunga ikatushinda.

Nilianza kwa kutembea. Ah, sikujua kama kutembea ni taabu kiasi hicho, na siyo kwa sababu ya miguu. Kwetu mtu aliye barabarani ana aendako: anaenda shambani, sokoni, kwenye matanga, au mji wa jirani wa Mboko kutafuta samaki. Anayekwenda mikono mitupu na kurudi mikono mitupu ana wazimu au anachunguza mambo ya watu. Kila aliyekutana nami aliuliza, "Mama, unaenda wapi?" Nikijibu kwamba natembea tu, aliuliza ni nani mgonjwa. Dereva mmoja wa pikipiki, muumini mwenzangu, alisimama akaniambia nipande bure. Nilipokataa alinuna, akadhani nina kinyongo naye. Nilijipatia somo hapo, kwamba msafiri asiyejua mwisho wa safari huwasumbua hata wapita njia, na nikalipenda sana somo hilo. Niliporudi kituo cha afya muuguzi alipima, akatikisa kichwa.

"Unatoka jasho?"

"Kidogo."

"Basi ukimbie kidogo."

Asubuhi niliyoanza kukimbia nilivaa treningi, nguo ya spoti ya mitumba, na viatu vya mpira, nikafunga kitenge juu yake ili kanisa lisipate la kusema. Moshi wa mioto ya kwanza ulikuwa unapanda, akina mama wanafagia viwanja. Nikaingia barabara kuu ya kuelekea Mboko, nakimbia polepole na kusali kwa pumzi: nikivuta naita Bwana, nikitoa naomba anihurumie. Mama mmoja aliyekuwa anafagia akanyoosha mgongo.

"Mama, kuko nini?"

Pumzi ya kumjibu sikuwa nayo. Niliinua mkono nikaupunga kuelekea mbele. Nilitaka kumwambia hakuna neno, mimi naendelea na safari yangu. Huo mkono nimeufikiria sana tangu siku ile.

Muda mfupi baadaye nilisikia miguu nyuma yangu, kwanza ya mtu mmoja, kisha ya wengi. Nitasema ukweli wangu: nilimshukuru Mungu. Nilidhani mahubiri ya Alhamisi yamezaa, wenzangu wameamua kulijenga hekalu. Machozi yalinilenga. Nikaongeza mwendo niwe mfano mwema, na wao wakaongeza. Ndipo mama mmoja akanipita, mtoto mgongoni, sufuria ya maharage kichwani ikitoa mvuke. Akafuata mwingine na godoro lililokunjwa. Halafu baba mmoja na mbuzi mabegani, na mbuzi analia. Hapo nikaanza kujiuliza, maana sijawahi kuona mtu anafanya spoti na mbuzi.

"Kuko nini?" nikamuuliza mwenye godoro.

"Sijui! Batu yote banakimbia!"

Na hapa ndipo nisipojielewa kabisa. Mimi, niliyekuwa chanzo cha mambo yote, nilishikwa na hofu. Nilijisemea, kumbe waasi wameingia kweli, ila mimi sikusikia risasi kwa sababu ya kusali. Nikakimbia kama sijawahi kukimbia maishani. Yule wa mbuzi nilimpita.

Tulikwama kwenye kizuizi cha barabarani. Askari walitutazama wakashangaa, wakauliza tunakimbia nini. Kila mtu akamnyooshea kidole mwenzake aliyemwona anakimbia mbele yake, huyo akamnyooshea mwingine, mpaka vidole vyote vikanifikia mimi.

"We mama, nani alikufukuza?"

"Hakuna mutu, chef. Niko nafanya spoti."

Mwenye maharage aliitua sufuria, akacheka mpaka akakaa chini. Wengine hawakucheka. Baba wa mbuzi aliniambia maneno ambayo mama wa masomo hawezi kuyaandika. Siwalaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na watu wa huku tumeumwa mara nyingi. Niliomba msamaha mmoja mmoja, tukarudi nao kwa miguu, nikimsaidia mwenye godoro kubeba godoro lake.

Nyumbani nilikuta mlango wazi na mama hayupo. Niliita chumbani, jikoni, nyuma ya nyumba. Jirani akatoa kichwa dirishani, akasema amemwona anapita peke yake, bila fimbo, anaelekea ziwani. Nilimwambia amekosea, mama yangu hawezi kufika hata kwenye bomba la maji. Akaniapia. Basi nikakimbia tena, na safari hii haikuwa spoti wala sala.

Nilimkuta ameketi ndani ya mtumbwi wa wavuvi wa ndagala, wale dagaa wetu, juu ya nyavu mbichi, furushi mapajani. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania kamba iliyoufunga mtumbwi kwenye mti wa ufukoni. Wavuvi walikuwa wamesimama majini, wamechoka kumbembeleza.

"Mama yako alitukatalia kuondoka," mmoja akaniambia. "Anasema mutoto wake iko nyuma."

Walikuwa wamesikia watu wanakimbia, wakataka kusukuma mtumbwi waokoe roho zao. Yeye akawaambia kama wanakwenda basi wamkate mikono kwanza. Nilipolichukua furushi lilifunguka. Ndani mlikuwa na kitenge changu, dawa zangu za tansio, na viatu vyangu vya kufundishia. Nguo yake yeye haikuwamo hata moja. Nililia pale mbele ya wavuvi, nikaona haya kwa kulia, nikaendelea kulia.

Tulimrudisha kwa pikipiki, mimi nimemshika kwa nyuma. Miguu yake ilivimba ikang'aa, na kwa muda mrefu hakuweza kusimama hata kwa kushikwa.

Jumapili pasta alihubiri juu ya waovu wanaokimbia pasipo mtu wa kuwafukuza. Jina langu hakulitaja. Hakukuwa na haja, kanisa zima liligeuza shingo. Baada ya ibada akaniita pembeni.

"Mama, uache ile mbio. Inasumbua batu."

"Na mutume, Pasta? Si yeye njo alisifu bakimbiaji?"

"Mutume hakuishi Baraka," akasema, na alikuwa hatanii.

Niliondoka pale kichwa kinazunguka. Andiko moja linamsifu anayekimbia, lingine linamshutumu. Muuguzi anasema nikimbie nisije nikafa, pasta anasema niache kwa upendo wa jirani, na wote wawili nawaona wana haki. Lakini kilichonisumbua zaidi ni miguu ya mama. Tumeyaombea magoti yale miaka, tumeyapaka mafuta, wazee wa kanisa wameyawekea mikono, na hayakuinuka. Hofu ya asubuhi moja ikayainua na kuyafikisha ziwani. Je, aliyemwinua ni Mungu au ni woga? Kama ni woga, mbona una nguvu kuliko maombi yetu? Na kama ni Mungu, mbona alimwachia uvimbe wote ule? Nilimuuliza pasta, akasema niombe. Niliomba. Sikusikia kitu ila moyo wangu unavyodunda, nao ulidunda kwa kasi ambayo muuguzi asingeipenda.

Mtaani nao hawakuniacha. Nikipita na ndoo, hata nikitembea polepole kama mgonjwa, atatokea mtu wa kunikumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Nilicheka nao, kwa nje. Kwa ndani nilikuwa na hasira na sikujua ni hasira na nani. Nilikuwa nimefanya jambo jema, kwa nia njema, kwa kufuata andiko, na tunda lake ni mama yangu kulala chini.

Jioni moja nilikuwa namkanda miguu kwa mawese. Uvimbe ulikuwa umepungua. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, imeiva.

"Ile mbio ulikuwa unajifunza, ni ya kukimbia na mi, ao ni ya kuniacha?"

"Mama! Ni juu yako njo nilianza."

"Juu yangu namna gani? Ulikuwa unaenda upande wa Mboko. Mi niko huku."

Nilikuwa na maelezo tayari. Nilikuwa na tansio, na muuguzi, na hekalu, na yote ni ya kweli. Nilianza kuyasema yakaniishia mdomoni. Maana asubuhi zile zote, nilipojiona nina nguvu, nilipojiona siku mbaya ikifika nitaiweza, nilijiona nakimbia vizuri, pumzi imetulia, miguu myepesi. Na katika picha ile nilikuwa peke yangu. Yeye hakuwamo. Mtu niliyemfanya kuwa sababu ya mbio hakuwa hata ndani ya mbio. Sijui alitokaje humo, na kila nikijaribu kujieleza nachanganyikiwa zaidi.

Niliendelea kumkanda. Hakuwa amekasirika, na afadhali angekasirika.

"Ulikuwa na malaria ile mwaka tulikimbia," akasema. "Ulikuwa mutoto mukubwa, miguu yako inakokota chini. Batu banasema nikuache, unanikwamisha. Mi nilikubeba tu, mpaka ku boti." Akafuta mawese magotini kwa upindo wa kitenge chake. "Sasa inama."

"Mama, hapana, utaumia."

"Inama."

Niliinama. Alinizungushia mikono shingoni, nikamvuta juu, nikafunga kitenge kumzunguka kama watoto wanavyofungwa. Ni mzito kuliko anavyoonekana. Kidevu chake kilikaa begani kwangu, pumzi yake sikioni. Nikatoka jikoni, nikavuka kiwanja chetu mpaka kwenye ua wa matete, nikageuka, nikarudi. Jasho lilinitoka mpaka machoni. Sikutafuta andiko, nilikuwa natafuta pa kuweka mguu. Jirani yetu, yule wa dirishani, alichungulia juu ya ua na mzaha wake tayari mdomoni. Alipotuona akaumeza, akashika shavu.

Nikamshusha mama kwenye mkeka, taratibu. Nilibaki nimesimama, nikidhani ataniwekea mkono kichwani anibariki, au hata aseme asante. Alijifunga nguo yake vizuri. Akaangalia kutoka jikoni mpaka kwenye ua, akaupima ule umbali kwa macho.

"Haitoshi," akasema. "Ziwa iko mbali. Kesho tuanze mapema."