Niliacha Udaktari Nikasomee Udaktari

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koti jeupe, na koti hilo ndilo lililovuruga mambo yote. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kilimo na kuanza masomo ya juu ya magonjwa ya mimea, yale ambayo mwisho wake ni udaktari. Chuo kikanipeleka kwenye shamba la majaribio nje kidogo ya Urambo, si mbali na nyumbani kwetu, nichunguze madoa ya majani ya tumbaku. Kabla ya adhuhuri, wanawake wawili wenye watoto migongoni na mzee mmoja mwenye shavu lililovimba walikuwa wamepanga foleni mlangoni kwangu. Mzee akafungua kinywa nimtazame jino.

“Babu, mimi si daktari wa watu. Nasomea udaktari wa majani.”

Akafunga kinywa, akatafakari, akafungua tena. “Sawa, mwanangu. Sasa kwa jino ni majani gani?”

Kiswahili chetu kina ukarimu uliopitiliza. Aliyesoma vitabu mpaka vikamwishia ni daktari, na anayekuchoma sindano ni daktari vilevile. Ukiongeza “wa majani”, basi huku Unyamwezini umeshajitangaza kuwa unachimba mizizi. Baba yangu, mkulima wa tumbaku na mzee wa kanisa, alisimama ibadani akatangaza kwamba binti yake anasomea udaktari, na kwaya ikaimba. Hakufafanua udaktari upi, na sidhani kama alijua.

Msimamizi wangu alikuwa Profesa mmoja mwembamba, mkali, aliyependa mimea kuliko ndugu zake. “Jani halisemi uongo, binti,” aliniambia. “Mwongo ni binadamu. Shika jani.” Nami nikalishika. Alinifundisha kutofautisha doa la ukungu na doa la jua, kukata vilele ili nguvu ya mche irudi kwenye majani, na kusoma rangi ya tumbaku ndani ya bani, yaani kile kibanda ambamo hukaushwa kwa joto la kuni. Kazi niliiweza. Moyo wangu, hata hivyo, ulikuwa pale nje kwenye foleni, kwa wale ambao kila siku niliwarudisha makwao.

Kilichonitoa ni asubuhi moja ya mavuno. Mchumaji mmoja, Mama Kalunde, alianza kutapika, akakaa chini, akashindwa kusimama. Jani bichi la tumbaku likiwa na umande hutoa sumu inayopenya ngozi ya anayelichuma, akapata kizunguzungu na kichefuchefu. Hilo nilikuwa nimelisoma. La kumfanyia sikulijua, zaidi ya kumnawisha mikono kwa sabuni na kumweka kivulini. Nikakimbia kwa Profesa.

“Ameangukia mstari upi?” akauliza.

“Wa katikati.”

“Mungu wangu! Amevunja miche?”

Mama Kalunde alipumzika, akanywa maji, akapona bila msaada wa msomi yeyote. Mimi sikupona. Nikaomba nafasi ya kusomea utabibu Dar es Salaam, nikaipata, nikaenda kumuaga Profesa.

“Unaanza upya kama mtoto wa chekechea?”

“Ndiyo, Profesa.”

“Haya. Ila ukimaliza usije kunitibu. Nitakuwa nimeshakufa.”

Huyo alikuwa rahisi. Mgumu alikuwa Baba. Sikuhitaji ruhusa yake, nilikuwa mtu mzima, lakini baraka zake nilizitaka kuliko hata hiyo nafasi yenyewe. Nilimkuta uani akinoa jembe.

“Unaacha udaktari,” alisema polepole, “uende kusomea udaktari.”

“Ndiyo, Baba.”

Akamwita mama yangu. “Njoo umsikie mwanao. Anashuka kwenye treni ya Kigoma ili apande treni ya Kigoma.”

“Baba, ule ni wa majani. Huu ni wa watu.”

“Sema umefukuzwa, mwanangu. Hapa ni nyumbani.”

Niliapa kwamba sikufukuzwa. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunihurumia, na huruma yake iliniuma kuliko ambavyo matusi yangeniuma. Mwishowe akasema ameshanitangaza mbele ya watu wa Mungu, na hawezi kusimama tena kumtangaza daktari yuleyule kwa mara ya pili. “Neno hilo nimelitumia kwako, likaniaibisha. Halitanitoka tena.” Nikaondoka bila baraka. Nililia kutoka Urambo hadi Tabora, mpaka abiria mwenzangu akadhani nimefiwa, akanipa pole na karanga.

Darasani nilikuwa mkubwa kuliko wote, nao wakaniita Shangazi. Nikahitimu, nikawa daktari tarajali, maana yake mtu aliyemaliza kusoma na sasa anaanza kufokewa. Kisha nikapangiwa kituo cha afya cha Usinge. Mkuu wa kituo serikali humwita Mganga Mfawidhi, na wa Usinge ndiye aliyenifundisha kazi. “Mgonjwa akikwambia mwili wote unauma,” alisema, “kwanza muulize amekula nini. Halafu muulize nani kamkera.” Dawa hiyo ya pili imenisaidia mara nyingi.

Lakini lile jina la mganga likafika Urambo kabla yangu. Baba aliposikia kwamba binti wa mzee wa kanisa ni mganga huko Usinge, alishika kichwa. “Afadhali majani,” alisema.

Kutoka Usinge nikapelekwa Choma, kwa wafugaji. Huko mzee mmoja alinisikiliza nikimweleza hali ya mkewe, akanishukuru sana, kisha akaomba nipitie na zizini. Nikamwambia sina utaalamu wa ng’ombe. Akaguna kwa masikitiko, akasema wasomi siku hizi wanasomea nusu nusu.

Hatimaye nikahamishiwa hospitali ya Urambo, msaidizi wa Mganga Mfawidhi wa huko. Baba alikuwa ameanza kuugua presha, na kila siku ya kliniki alipita mlango wangu kama anapita stoo, akaenda kumngoja Mfawidhi. Nyumbani tulikula pamoja na kucheka pamoja. Hospitalini hakunijua.

“Mzee wako ameniambia ana binti anayejua sana tumbaku,” Mfawidhi alinitania. “Nimwambie yuko chumba cha pili?”

“Anajua,” nikasema, nikajifanya kucheka.

Sasa nimestaafu, na Baba ni marehemu. Vijana wanaotaka kuacha masomo waliyoyaanza huja kuniuliza kama najuta, na wote nawasimulia siku moja tu. Siku hiyo Mfawidhi aliitwa kikaoni Tabora, nikakalia kiti chake. Mlango ukafunguliwa, Baba akaingia ameinamisha kichwa, kofia mkononi. Huku kwetu mgonjwa humwamkia daktari, hata kama daktari ni wa kumzaa.

“Shikamoo, daktari.”

Nikasimama. Mtoto hapokei shikamoo ya baba yake. Na salamu isiyoitikiwa ni tusi.

“Shikamoo, Baba.”

Akainua uso. “Marahaba. Lakini mimi nimemwamkia daktari.”

“Ni mimi, Baba. Mfawidhi amesafiri.”

“Najua amesafiri. Wameniambia hapo nje.” Akavuta kiti, akakaa. “Itikia.”

“Siwezi, Baba.”

“Itikia, daktari. Foleni ni ndefu.”

“Marahaba,” nikasema.

Akakunja mkono wa shati, akaniwekea mkono mezani nimpime presha. Nikaufunga mkanda wa kipimo, ukafunguka. Nikaufunga tena, ukafunguka tena, maana machozi yalinizuia kuona. Baba akaniangalia, akatabasamu.

“Tulia, mwanangu,” akasema. “Mgonjwa ni mimi.”