Bingwa wa Kibanda cha Gemu

Jirani yangu mwenye kibanda cha gemu hapa Kitale husugua sidii zilizokwaruzika kwa dawa ya meno, huku akiimba nyimbo za kanisani. Kwenye gemu ya mpira hamhurumii mtu. Hata pasta wetu alichapwa na kuchekwa. Lakini tangu tajiri mmoja anunue vibanda vyote vya Bungoma na Chwele, wenyewe wakabaki vibarua wake, kila pikapu ikipunguza mwendo hapo nje jirani hupunguza sauti ya TV. Jana pikapu ya tajiri huyo ilisimama. Tajiri aliingia, akakalia stuli ya jirani, akataka wacheze. Jirani alifungwa bao baada ya bao.

"Ati wewe ndiye bingwa?" tajiri akacheka.

"Hiyo ilikuwa zamani, mdosi."

Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amenifunga sita.