Siki Ilikuwa Dukani, Nikanyamaza

Kosa ni langu, si la dada yangu. Ninaliandika gazetini kwa sababu mdomoni limenishinda.

Mimi si mbabaishaji. Nilijisomesha kwa kuuza mitumba, nikafika India, nikarudi na stashahada ya malisho ya mifugo. Nyumba yangu ya Njiro nimeijenga kwa jasho langu. Soko huria liliporuhusiwa nchini na kila mtu kukimbilia biashara, mimi nilikuwa na utafiti: kugeuza mabua makavu ya mahindi kuwa chakula kizuri cha ng'ombe. Unayanyunyizia maji yenye mbolea ya urea, unayafunika shimoni wiki tatu.

Jaribio nililifanya kwa dada yangu, mjane, kule chini ya Mlima Meru. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mwenye mimba, aliyepewa na kikundi cha kina mama wa kanisa. Sharti lilikuwa ndama jike wa kwanza aende kwa mama anayefuata kwenye orodha.

Nikaalika kikundi kizima waje kuona. Siku niliyojipangia, mabua yalikuwa na siku tisa tu. Nilikuwa nimezidisha mbolea makusudi, nikidhani itafidia siku zilizopungua. Kiburi gani kile!

Tulipofunua turubai, harufu ilitutoa machozi.

"Kaka, hii inawasha macho," dada akasema. "Tungeyaanika kwanza. Ng'ombe ana mimba."

"Wewe umesoma wapi?"

Kina mama wakacheka. "Mwache msomi, mama! Au na wewe ulipanda ndege?"

Dada akainama, akabeba mabua mwenyewe, akamwekea ng'ombe wake.

Saa haikuisha. Ng'ombe akatetemeka, povu likamtoka, tumbo likavimba.

Jamani, dawa niliijua! Siki na maji ya baridi, anyweshwe haraka. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara. Lakini nikiagiza siki nitaulizwa ya nini, na jibu ni kwamba mabua yangu ni sumu.

"Asubuhi alikula nini?" mwenyekiti wa kikundi akauliza.

"Majani ya maharage, kidogo tu," dada akajibu kwa woga.

Nikadakia: "Yenye umande! Basi ndiyo hayo yaliyomvimbisha."

Dada akanishika mkono. "Kaka, fanya kitu. Wewe ndiye unayejua."

Nikasimama tu. Ng'ombe akafa, na ndama tumboni mwake.

Kikundi kilimwondoa dada kwa uzembe. Mama aliyekuwa akisubiri ndama hamsalimii, hata wakikaa benchi moja kanisani. Sasa dada anakata majani ya ng'ombe wa watu. Nikimpelekea sukari anaipokea kwa mikono miwili, ananishukuru. Shukrani ile inanikata maini!

Mara tatu nimeendesha gari hadi kwake nikamweleze ukweli. Mara tatu amenitangulia: "Shikamoo, kaka. Hebu nielekeze tena, yale maharage nilikosea wapi? Nikipata ng'ombe mwingine nisirudie."

Nami ninamwelekeza! Ninamfundisha kuanika majani, mtu aliyeniambia tuyaanike mabua!

Wewe uliyesoma, kazi yako ikianza kuua, sema hapohapo, kungali na pumzi. Piga kelele, agiza hiyo siki, wakucheke. Mimi wangenicheka alasiri moja, kisha wangekwenda zao nyumbani, na dada yangu angemkatia majani ng'ombe wake jioni ileile.