Malkia Aliyetolewa Bure

Nilimwonea wivu mwanamume mwenye ndevu nyekundu za hina, na sioni haya kusema. Wanawake wenzangu huwaonea wivu wanawake. Mimi, bibi harusi wa mwaka mmoja, niliyetolewa kwenye ukungu wa Kirinyaga nikaletwa Garissa vita vya serikali na waasi wa shifta vikiwa vimepamba moto, mshindani wangu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe kutoka Elwak.

Ng'ombe wake walikuwa wamezuiwa kwenda sokoni, kwa hiyo hakuwa na kazi. Kila alasiri, kabla ya kafyu, alikuja kwetu. Mume wangu, karani wa ofisi ya mifugo, ambaye mimi alinijibu kwa "mm" na "aha", alimwona tu mlangoni akapata ulimi. Mgeni aliniita abaayo, yaani dada kwa Kisomali, akaisifu chai yangu. Chai ilikuwa yangu kweli. Mume alikuwa wake.

Siku moja walikuwa na ukurasa wa gazeti uliokuja na lori za msafara unaosindikizwa na jeshi. Ulikuwa na mchezo wa sataranji wa mabingwa wawili wa ng'ambo, uliokwisha sare, nao wakaupanga upya ubaoni, kete baada ya kete. Nilikuwa nachambua mchele karibu na mlango. Sikutaka kusikia, nikasikia yote.

Mweupe, yaani mwenye kete nyeupe, alianza na askari wa mfalme. Mweusi akajibu vivyo hivyo. Farasi wakatoka.

"Unaonaje hapo?" mume wangu akamwuliza mgeni.

Unaonaje! Mimi nilikuwa nimemwomba wiki nzima achukue likizo tupande lori pamoja, twende kwetu, maana milio ya risasi ilikuwa imenichosha, na kwa hilo hakuniuliza naonaje. Mweupe akasukuma ngome katikati. Mweusi akapoteza askari, kisha mwingine. Mume wangu akamweleza mwenzake sababu kwa sauti laini, ile niliyoisikia mara ya mwisho wakati wa uchumba. Nilipotazama chini, nilikuwa nimetupa mchele na kubakiza mawe.

Mwishowe mfalme mweusi alibanwa pembeni, askari wake wote wamezibwa njia, amebaki malkia tu wa kusogea. Nikafurahi kwamba wanamaliza. Hapo bingwa mweusi akampeleka malkia wake ubavuni mwa mfalme mweupe, makusudi, aliwe. Akaliwa. Mweusi hakuwa tena na kete ya kusogeza, na mfalme wake hakuwa ameshambuliwa.

"Sare. Ndiyo sheria: aliyekosa njia hajashindwa," mume wangu akasema, akicheka kwa raha.

"Wallahi, hii ni uongo," mgeni akasema. "Kwa shax yetu, ile ya mawe kwa mchanga, mtu akikosa njia wewe namfungulia. Wewe nasonga kando, yeye nabita. Halafu mnaendelea."

"Hata kama ulikuwa unashinda?"

"Hata kama. Kufungia mtu hivi ni aibu."

Mume wangu akageuka akanitazama, mimi na ungo wangu mapajani, kwa mara ya kwanza tangu arudi kazini. Nilimsamehe mchuuzi papo hapo, hina na yote.

"Kweli nimekufungia hapa," mume wangu akaniambia. "Lori zinaondoka Ijumaa. Nitakutafutia nafasi."

"Nafasi mbili?"

"Moja. Mimi nina kazi, unajua."

"Mashallah, karani," mgeni akasema, na alimaanisha. Mkono wake ulikuwa tayari ubaoni, ukimsaidia mume wangu kurudisha kete mahali pake ili waanze mchezo wao wenyewe.

"Abaayo," akaniita kwa upole, bila kuinua macho, "chai kidogo, kabla hujaenda."